Ziwa Likivimba na Dawa Zisisaidie

Mama anayenyonyesha akifika zahanati na ziwa lililovimba, lenye joto na maumivu, mara nyingi huwa ni maambukizi ya kawaida. Hupewa antibiotiki, huambiwa aendelee kunyonyesha, na baada ya siku mbili tatu huanza kupata nafuu. Wa kuhofiwa ni yule asiyepata nafuu, anayebadilishiwa vidonge mara ya pili na ya tatu huku wiki zikiyoyoma.

Ipo saratani ya matiti inayokuja na sura hiyohiyo, mara nyingi bila donge la kushikika. Seli zake huziba mirija midogo ya limfu kwenye ngozi. Maji hukosa pa kupita, ziwa likavimba upesi na kuwa zito, na ngozi ikafanya vishimo kama ganda la chungwa. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hujificha. Huonekana weusi uliokoza au rangi ya zambarau. Nchini Marekani ni saratani 1 hadi 5 kati ya kila 100 za matiti, lakini hukua haraka. Ikigunduliwa, huwa imeshafika angalau hatua ya 3.

Nyingine hujifanya ugonjwa wa ngozi. Mwaka 1874 daktari Mwingereza James Paget aliieleza: chuchu huwasha, hutoka magamba na vidonda kama pumu ya ngozi, kwa kawaida upande mmoja tu. Mgonjwa hupaka krimu kwa miezi, na saratani iko ndani.

Macho hayatoshi kuzitofautisha saratani hizi na maambukizi au ugonjwa wa ngozi, na hata mamografia yaweza isione kitu. Jibu hutoka maabara, baada ya kukata kinyama kidogo cha ziwa au ngozi. Saratani ile ya kwanza, ya ziwa kuvimba, ikithibitishwa, kwa kawaida huanza tibakemikali, ukafuata upasuaji, kisha mionzi.

Kwa hiyo mama ambaye dozi haikumsaidia ndani ya wiki moja apewe rufaa akapimwe. Asiyenyonyesha, hasa mwenye umri mkubwa, ashughulikiwe mapema zaidi. Shirika la Afya Duniani linataka uchunguzi wa saratani ya matiti ukamilike ndani ya siku 60 tangu mgonjwa afike kituoni mara ya kwanza. Tusizimalize siku hizo kwa kurudia vidonge. Na wewe mgonjwa, una haki ya kuuliza: “Daktari, kinyama kitachukuliwa lini?”