Mzazi Hajasafiri, Yuko Gerezani

Mtoto wa mfungwa aambiwe mzazi wake amesafiri kwenda wapi? Walezi huuliza swali hili kuliko jingine lolote. Kwa baba huchaguliwa machimbo ya dhahabu. Kwa mama, kazi za ndani Oman au Saudia. Swali hili halina jibu zuri, maana safari yenyewe ndiyo inayomuumiza mtoto.

Msafiri hupiga simu. Hutuma pesa na salamu, huja sikukuu. Mtoto wa miaka 6 anayajua hayo, kwa kuwa baba za wenzake ndivyo wanavyofanya. Baba aliyesafiri akapitisha mwaka bila simu hata moja ni baba aliyemtupa mwanawe kwa hiari yake. Uongo uliotungwa kwa huruma umeuficha ukuta wa gereza, sababu halisi ya kimya, na kumwachia mtoto maelezo mamoja tu: hapendwi. Mtoto mdogo hailaumu safari. Hujitafutia kosa: alivunja kikombe, alilia sana, alikataa kula. Katika umri wa miaka 3 hadi 7 hivi watoto hujiona kuwa chanzo cha karibu kila kinachotokea nyumbani, na pasipoelezwa kitu hulijaza pengo kwa hatia yao wenyewe. Baadaye anapoanza kukojoa kitandani au kupigana shuleni, mlezi hutafuta dawa au hushika fimbo.

Husemwa pia kwamba mtoto bado mdogo, hajui kitu. Mara nyingi mdogo huyo alikuwa macho askari walipogonga mlango. Ambaye hakuwepo atasikia kwa mwenzake siku watakapogombana, na atasikia habari hiyo ikiwa tusi. Tangu hapo anabeba siri mbili: mzazi wake amefungwa, na mlezi wake humdanganya. Huacha kuuliza. Watu wazima hufurahi wakisema amesahau, kumbe amejifunza kwamba nyumba hiyo hairuhusu maswali. Kisha mzazi hurudi, pengine ghafla: Tanzania, msamaha wa Rais umezoeleka kutolewa siku za Muungano na Uhuru. Mtoto hugundua siku moja kwamba ukoo mzima ulijua, isipokuwa yeye.

Ukweli huu ni haki yake kisheria. Ibara ya 9 ya Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989 inaitaka serikali iliyomtenga mtoto na mzazi kwa kumfunga impe mtoto, akiomba, taarifa za alipo mzazi huyo, labda kama taarifa zenyewe zitamdhuru. Hofu ya aibu inaeleweka. Mtaa unaosema mtoto wa nyoka ni nyoka hauna huruma. Lakini msemo huo si kipimo. Uchambuzi wa Joseph Murray, David Farrington na Ivana Sekol, uliochapishwa 2012 ukijumlisha tafiti 40, ulikuta kwamba watoto hawa wana hatari kubwa kiasi ya kuwa na tabia za uvunjaji wa kanuni na sheria, lakini haukukuta uhusiano kama huo kwa matumizi ya dawa za kulevya wala kwa matokeo ya masomo. Hatari si hatima.

Maneno ya kumwambia ni machache: baba alivunja sheria, hakimu ameamua akae gerezani, ana pa kulala na anapewa chakula, si kosa lako, na mimi nitakuwa nawe. Mzazi akiwa bado mahabusu, husemwa kwamba mahakama haijaamua, na tarehe ya kurudi haiahidiwi kamwe. Undani wa kosa husubiri umri. Mtoto pia hupewa sentensi moja ya kuwajibu wadadisi, kwa mfano: "Baba hakai nyumbani sasa."

Yaliyobaki ni ya kufanya. Siku za kutembelea na vitambulisho vinavyohitajika huulizwa gerezani kabla ya kupoteza nauli. Mtoto aelezwe mapema kuhusu malango, upekuzi na sare, na kwamba huenda asiruhusiwe kumkumbatia mzazi. Asiyetaka kwenda asilazimishwe. Kulia baada ya ziara si sababu ya kuzikatisha. Barua na michoro hupelekwa, kwa kujua kwamba askari huzisoma. Mwalimu mmoja anayeaminika aambiwe. Chakula au karo vikikosekana, mlango wa kubisha ni ofisi ya ustawi wa jamii Tanzania au ofisa wa watoto Kenya. Simu ya watoto 116 hufanya kazi katika nchi zote mbili.

Mlango wa mapema zaidi ni mahakamani, kabla ya hukumu, na ndio unaosahauliwa. Ibara ya 30 ya Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto inataka adhabu isiyo ya kifungo ifikiriwe kwanza kwa mama, na kamati ya mkataba huo ilifafanua 2013 kwamba inamhusu pia baba au mlezi mwingine. Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini iliamua 2007, katika kesi ya S v M, kwamba anayetoa hukumu lazima apime athari zake kwa watoto wa mlezi mkuu. Kenya (1998) na Tanzania (2002) zina sheria za adhabu ya kutumikia jamii. Hakimu asiyeambiwa kuna watoto wanaobaki nyumbani hawezi kuwapima.

Kwa mtoto mchanga aliyeingia gerezani na mama yake, sheria ya Kenya humruhusu kubaki hadi atimize miaka 4. Bibi au shangazi atakayempokea aanze kumtembelea miezi mingi kabla, ili siku ya kutoka asikabidhiwe kwa mtu asiyemjua.