Kilio Huanza Mfiwa: Jinsi Jukwaa Linavyomliza Mtu

 

Wengi wenu mlikuwepo kwenye Usiku wetu wa Afrika mwaka jana, kwa hiyo mnakumbuka yaliyoupata mchezo wetu wa kuigiza. Kwa wale ambao hawakuwepo: mama anapigiwa simu kwamba mwanawe amekufa maji akijaribu kuvuka kuja Ulaya. Dada yetu aliyeigiza mama alilia kwa nguvu zake zote, akajitupa chini, akagaagaa. Ukumbi mzima ukacheka. Na waliocheka hawakuwa wageni, tulikuwa sisi wenyewe. Mimi ndiye niliyekuwa kwenye taa, nikazima haraka kuficha aibu. Dada alishuka jukwaani analia kweli, na hapo hakuna aliyecheka.

Tangu siku ile najiuliza: kosa lilikuwa wapi? Mimi ni mhandisi wa mitambo, sio mtu wa sanaa. Lakini kitu kikigoma kufanya kazi huwa nataka kukifungua nione ndani. Basi nikanunua tiketi ya bei ya chini, kiti cha juu kabisa karibu na dari, nikaenda kuangalia Les Misérables pale Sondheim Theatre, London. Nilichokiona ndicho ninachotaka kuwaeleza.

Kwanza neno lenyewe. Shuleni tulifundishwa kwamba tanzia ni mchezo unaoishia kwenye huzuni au kifo. Nyumbani tanzia ni lile tangazo la msiba gazetini au redioni. Tanzia ya muziki ni mchezo wa namna hiyo ambao uchungu wake unabebwa na nyimbo, na katika Les Misérables karibu kila neno linaimbwa. Hadithi imetoka kwenye riwaya ya Victor Hugo ya mwaka 1862. Muziki ni wa Claude-Michel Schönberg na Alain Boublil alishiriki kuandika maneno ya Kifaransa. Ulianza Paris mwaka 1980, ukafika London kwa Kiingereza Oktoba 1985. Jean Valjean, aliyefungwa kwa kuiba mkate, anatoka gerezani na kuanza maisha mapya. Javert, mtu wa sheria, anamwandama miaka na miaka. Wanakutana tena Paris katika uasi wa Juni 1832, kwenye kizuizi ambacho wanafunzi wamekijenga barabarani kwa meza na viti. Karibu wanafunzi wote wanauawa.

Sasa tuingie kwenye mitambo. Katika maonyesho ya 1985, yaliyoongozwa na Trevor Nunn na John Caird, mbunifu John Napier aliweka sakafu ya duara inayozunguka. Mapigano yalipokwisha, kizuizi kilizungushwa taratibu, na upande wa pili ukaonekana: maiti, na kiongozi wa wanafunzi ananing'inia kichwa chini juu ya bendera nyekundu. Hakuna aliyepiga kelele. Sakafu tu ilizunguka, na mtazamaji akapewa muda wa kuhesabu waliokufa.

Mtindo huo uliisha London mwaka 2019. Maonyesho ya sasa hayana sakafu ya kuzunguka. Nyuma ya waigizaji kuna picha za projekta zilizotokana na michoro ya Hugo mwenyewe. Tazameni tofauti inavyofanya kazi. Kuna mtoto wa mtaani, Gavroche, anayevuka kizuizi kwenda kuokota risasi kwenye maiti za askari. Zamani sakafu ilizunguka na sisi tukavuka naye, tukamwona akipigwa. Siku hizi kizuizi hakizunguki. Yeye anavuka, sisi tunabaki upande huu. Tunasikia sauti yake ikiimba, tunasikia bunduki, na macho yetu hayana pa kwenda ila kwenye nyuso za wanafunzi wanaongoja.

Hapo ndipo nilipobanwa koo. Bibi yangu alizikwa nikiwa huku, mwaka wangu wa kwanza. Tiketi ya ndege sikuwa nayo. Kaka aliwasha simu akaiweka mfukoni mwa shati, nikasikia vilio, nikasikia majembe, sikuona kitu. Wengi wetu tunayajua haya. Tunasikia upande wa pili, na kuvuka hatuwezi.

Chukueni mfano mwingine: kifo cha Javert, anayejirusha mtoni. Katika maonyesho ya zamani mwigizaji aliachia ukingo wa daraja, na hapo hapo daraja lenyewe likavutwa juu. Yeye hakwenda popote, lakini jicho liliona mtu anaanguka. Umeshawahi kukaa kwenye basi lililosimama stendi, basi la jirani likaondoka, ukadhani ni lako? Ni jambo lile lile. Halafu sakafu ikamzungusha kama maji yanavyomchukua mtu. Na kuna siri ya muziki ndani yake. Wimbo wake wa mwisho unatumia muziki ule ule alioimba Valjean mwanzoni, usiku alioamua kubadilika. Watu wawili wamehurumiwa, muziki mmoja: mmoja anaanza kuishi, mwingine anashindwa. Hata kama akili imesahau, sikio linakumbuka.

Na waigizaji je? Nilitegemea kuona watu wakilia. Nikaona watu wakijizuia. Éponine, msichana anayempenda Marius kimyakimya, anakufa mikononi mwake. Wimbo ni wa taratibu, karibu kama wa kubembeleza mtoto. Roho inakatika kabla ya neno la mwisho, na Marius ndiye anayelimalizia. Sikio lilikuwa linangoja lile neno. Linapotoka kwenye kinywa cha mtu mwingine, hapo ndipo unaelewa kwamba amekufa. Valjean naye, anapomwombea kijana Marius aliyelala, hapigi kelele. Anaimba juu kabisa kwenye sauti, lakini kwa upole, na mwili karibu hausogei. Kuimba juu na polepole ni kazi ngumu kuliko kupiga kelele. Ule ugumu tunausikia, na ndio unaotupa hofu yake.

Wahenga walisema kilio huanza mfiwa ndipo wa mbali wakaingia. Nilipokuwa kwenye treni narudi nikaona kosa letu liko hapo. Jukwaani mfiwa ni nani? Ni mtazamaji. Ni lazima kwanza apewe mtu wa kumpoteza. Gavroche ametuchekesha, ametamba, tumemzoea, ndiyo maana bunduki inapolia tunaumia. Sisi tuliwaletea watu kilio cha mama ambaye walimjua kwa dakika mbili, tena mwanawe hawakumwona kabisa. Tuliwataka wa mbali waanze. Ndiyo maana wakacheka, na siwalaumu. Dada hakuigiza vibaya. Sisi tuliopanga mchezo hatukumpa kitu cha kusimamia.

Mwaka huu napendekeza tuurudie mchezo ule ule, lakini tuubadilishe hivi. Kijana aonekane mwanzoni, amtanie mama yake, aimbe wimbo wake huku anafunga begi. Baadaye mama awe anapakua chakula huku anauimba wimbo ule ule. Simu ilie katikati ya mstari. Apokee, asikilize, aweke simu chini, asiseme kitu. Aendelee kupakua, na sahani ya mwanawe aiweke mezani kama kawaida. Wimbo usimaliziwe. Hakuna haja ya sakafu ya kuzunguka. Bajeti ya jumuiya yetu mnaijua.

Nimemwomba dada arudi jukwaani. Amesema atafikiri. Akikubali, kazi yangu mimi itakuwa moja tu: safari hii taa sitaizima haraka.

Tuonane mazoezini, na kila la kheri katika masomo.