Maji ya mgongo: sindano tunayoiogopa

[Muziki unashuka]

MTANGAZAJI: Kuna maneno ninayasikia kwenye foleni ya maji, hata nyumbani kwetu: "Ukikubali kutolewa maji ya mgongo Mbarara, hurudi."

Tuanze na ugonjwa. Kuna fangasi anaitwa kriptokokasi. Anaishi kwenye udongo na mavi ya ndege, hasa njiwa. Tunamvuta kwa pumzi, na mwili wenye nguvu unamshinda. Kinga ikishuka sana, mara nyingi kwa virusi vya ukimwi visivyotibiwa au ARV zilizokatizwa, anafika kwenye ubongo na kwenye maji yanayouzunguka pamoja na uti wa mgongo. Haambukizi kwa kula pamoja wala kulala nyumba moja. Msimtenge mgonjwa.

Dalili huja polepole: kichwa kinauma siku nyingi na kukataa dawa, homa, kutapika, kuona vitu viwili viwili, mtu kuchanganyikiwa. Hapo ndipo wengine hukimbilia kusema amerogwa.

Sasa sindano. Fangasi huziba njia ya maji yale, presha inapanda ndani ya kichwa. Daktari huchoma chini kiunoni, kati ya mifupa, mahali ambapo uti wenyewe umeshaishia. Maji mengine ni ya kupima, mengine yanatolewa ili presha ishuke. Wengi husikia nafuu ya kichwa siku hiyo hiyo. Presha ikipanda tena, sindano hurudiwa. Basi mbona wengine walikufa baada yake? Walifika wamechelewa, au walikataa mpaka siku ya mwisho. Ugonjwa ndio uliowaua.

Dawa ipo. Mbarara ilikuwa kati ya sehemu za Afrika zilizojaribu dozi moja kubwa ya amfoterisini, pamoja na vidonge vya wiki mbili. Matokeo yalitoka 2022: ilifanya kazi vizuri kama sindano za siku 7, na madhara yalipungua.

Kama hujaanza ARV, au uliziacha, mwambie daktari ukweli. Usizianze kwa siri: kwa ugonjwa huu husubiriwa wiki 4 mpaka 6. Unayezimeza, usiache mwenyewe. Na kama CD4 zako ziko chini, uliza kipimo cha damu cha fangasi huyu kabla kichwa hakijaanza.

Mkipewa rufaa, mgonjwa asindikizwe na mtu anayejua Kinyankole au Kiingereza. Daktari ataomba ruhusa kabla ya sindano, na mgonjwa lazima aelewe anachoulizwa.

[Muziki unapanda]