Vali ya Moyo Inayovuja: Kwa Nini Mtoto Anapigwa Sindano Kila Mwezi?



Tunapopita nyumba kwa nyumba, sisi wahudumu wa afya wa jamii (VHT) tunaulizwa swali hili mara nyingi: "Mtoto wangu anacheza, anakula, anaenda shule. Kwa nini niambiwe apigwe sindano kila mwezi kwa sababu ya moyo?" Ni swali zuri, na mzazi ana haki ya kuliuliza. Jibu lake lilitafutwa hapa hapa Uganda, na likapatikana. Makala hii inakueleza ugonjwa wenyewe, jinsi sindano ilivyojaribiwa, na mambo ya kufanya ukipewa rufaa kwenda Kampala.

VALI NI NINI, NA INAVUJAJE?

Moyo ni pampu. Ndani yake kuna vali nne, nazo ni kama milango inayofunguka upande mmoja tu. Damu ikishapita, mlango hufunga ili isirudi nyuma. Moyo hupiga kama mara 100,000 kwa siku, na kila pigo milango hiyo hufunguka na kufunga.

Vali ikiwa na makovu haifungi vizuri. Damu nyingine inarudi ilikotoka, na moyo unalazimika kuisukuma tena. Ni kama kuteka maji kwa ndoo iliyotoboka: unafanya kazi mara mbili na bado maji hayatoshi nyumbani. Miaka ikipita moyo unapanuka na kuchoka. Vali inayoumia zaidi ni ile ya upande wa kushoto, iitwayo mitrali.

UGONJWA UNAANZIA KOONI

Watu wengi wanashangaa kusikia hivi. Kwa watoto na vijana wa Afrika Mashariki, sababu kubwa ya vali kuharibika ni maumivu ya koo yasiyotibiwa. Kuna bakteria aitwaye streptokoka anayeleta mafindofindo. Koo linaweza kupona lenyewe, lakini kwa baadhi ya watoto, wiki mbili au tatu baadaye mwili unaokuwa ukipigana na bakteria unageuka na kushambulia viungo, ubongo na moyo wake wenyewe. Hii ndiyo homa ya baridi yabisi. Hushika zaidi watoto wa miaka 5 hadi 15. Ikirudi mara kwa mara, kila mara inaacha kovu jingine kwenye vali.

Bakteria huyu anapenda mahali penye msongamano. Watoto sita wakilala chumba kimoja, mmoja akikohoa wote wanampokea. Kwa hiyo sisi tunaoishi kambini tunapaswa kuwa macho kuliko wengine.

DALILI ZA KUANGALIA

Mpeleke mtoto kituo cha afya haraka ukiona:

- maumivu ya koo pamoja na homa, na tezi za shingo zimevimba;
- viungo vinavimba na kuuma kwa kuhama: leo goti, kesho kifundo cha mguu, kesho kutwa kiwiko;
- mikono, miguu au uso unachezacheza bila mtoto kutaka;
- anachoka upesi, anahema akipanda kilima au akibeba maji;
- hawezi kulala chali, anakohoa usiku, miguu inavimba.

Mtoto anayechezacheza mikono hajarogwa wala hana pepo. Ni ugonjwa, na una dawa. Pia tafadhali usimpeleke mtoto mwenye koo kukatwa kilimi. Kukata kilimi hakuui bakteria, na kunaweza kuleta kutokwa damu nyingi na maambukizi mengine. Dawa ya koo la streptokoka ni penisilini: sindano moja, au vidonge vya siku 10 vinavyomezwa mpaka viishe hata kama maumivu yamekwisha.

JARIBIO LA GULU

Sasa turudi kwenye swali la mzazi. Kuna watoto ambao vali zao zimeanza kuharibika lakini hawana dalili yoyote. Wanagunduliwa kwa kipimo cha eko tu, yaani picha ya moyo inayopigwa kwa mawimbi ya sauti, kama ile anayopigwa mama mjamzito. Haiumizi.

Kwa miaka mingi madaktari walijua kwamba penisilini ya kila mwezi inamsaidia mtu aliyekwisha kuugua homa ya baridi yabisi. Lakini kwa mtoto huyu asiye na dalili, hakuna aliyekuwa na uhakika. Je, tumchome sindano miaka na miaka, au tumwache?

Taasisi ya Moyo ya Uganda, iliyoko Mulago, Kampala, pamoja na wataalamu kutoka nchi nyingine, waliamua kupima. Miongoni mwa waliouongoza utafiti huo ni Dk. Emmy Okello wa taasisi hiyo na Dk. Andrea Beaton kutoka Marekani. Walikwenda Gulu, eneo ambalo watu wake waliishi kambini miaka mingi wakati wa vita vya LRA. Watoto 102,200 walipigwa picha ya moyo. Waliothibitishwa kuwa na ugonjwa wa kimyakimya walikuwa 926.

Watoto na vijana wa miaka 5 hadi 17 waligawanywa makundi mawili kwa bahati nasibu, kama kupiga kura, ili pasiwe na upendeleo. Kundi la kwanza lilipata sindano ya penisilini kila baada ya wiki 4 kwa miaka 2. Kundi la pili halikupata sindano, lakini lilifuatiliwa vilevile. Kisha wote wakapigwa picha tena, na waliozisoma picha hizo hawakuambiwa nani alichomwa na nani hakuchomwa.

Majibu yalitangazwa mwaka 2021. Katika kundi la sindano, watoto 3 tu ndio ugonjwa wao ulizidi. Katika kundi lisilopata sindano walikuwa 33. Kwa hesabu rahisi: kati ya watoto 100 wasiochomwa, karibu 8 walizidi kuumwa ndani ya miaka 2. Kati ya 100 waliochomwa, hakufika hata mmoja.

Tuseme ukweli wote. Wengi wasiochomwa nao hawakuzidiwa katika miaka hiyo 2. Lakini hakuna anayeweza kumtazama mtoto na kujua kama yeye ni mmoja wa wale 8. Kwa hiyo muuguzi anapokuambia usiruke mwezi, ana sababu.

SINDANO YENYEWE

Inauma, hatukudanganyi. Dawa ni nzito na inachomwa kwenye msuli wa tako au paja. Mtoto ale na anywe maji kabla, alale wakati wa kuchomwa, na mkae kituoni kama nusu saa baadaye. Mwambie muuguzi kama mtoto aliwahi kuvimba, kuwashwa au kushindwa kupumua baada ya dawa yoyote. Mzio mkali hutokea mara chache sana, lakini ni hatari, ndiyo maana sindano hii ichomwe kituo cha afya na si nyumbani wala dukani. Mgonjwa ambaye moyo wake umechoka sana anaweza kupewa vidonge badala ya sindano; daktari ndiye anayeamua.

Dawa inaendelea miaka mingi. Wengine huacha wakiwa watu wazima, wengine huendelea maisha yote. Usiache kwa sababu mtoto anaonekana mzima. Na kama familia inahamia kambi nyingine au mjini, chukua kadi ya sindano kabla ya godoro.

NA "BETRI YA MOYO" JE?

Baadhi yenu mmesikia kwamba kuna kifaa kinachowekwa chini ya ngozi ya kifua ili kuongoza mapigo ya moyo, na mnauliza kama kinaziba vali inayovuja. Inategemea kwa nini inavuja. Kuna wagonjwa, wengi wao watu wazima, ambao vali yao haina kovu, ila moyo umepanuka na pande zake hazikazi pamoja, hivyo mlango unavutwa na haufungi. Kwa baadhi yao kifaa maalumu kinachofanya pande mbili za moyo zipige pamoja hupunguza kuvuja. Jambo hili lilionekana katika jaribio la Marekani na Kanada lililotangazwa mwaka 2002. Lakini vali yenye makovu ya baridi yabisi hailainishwi na umeme wa betri. Ikiharibika sana inahitaji upasuaji, kuitengeneza au kuweka nyingine. Aliyewekewa vali ya chuma lazima ameze dawa ya kuzuia damu kuganda, warfarini, maisha yote, na kupimwa damu mara kwa mara.

UKIPEWA RUFAA KWENDA KAMPALA

Anza na kituo cha afya cha kambi. Wao ndio wanaoandika barua ya rufaa. Usipande basi kwenda Mulago bila barua. Beba kitambulisho chako cha ukimbizi, kadi ya sindano na majibu yote ya zamani. Uliza mapema nani atalipa nauli, vipimo na malazi, ili usikwame mjini. Kama hujui Kiingereza wala Kiganda, omba mkalimani au nenda na mtu unayemwamini.

Mama mwenye ugonjwa wa vali amwone daktari kabla ya kushika mimba. Mimba inauongezea moyo kazi, na warfarini inaweza kumdhuru mtoto tumboni.

UKIOMBWA KUSHIRIKI UTAFITI

Wakimbizi wengi wanaogopa neno "jaribio". Jua haki zako. Lazima uelezwe kwa lugha unayoielewa. Lazima usaini kwa hiari, na mtoto mkubwa naye aulizwe. Unaweza kukataa, au kutoka katikati, na bado utatibiwa kama wengine. Uliza: Nani ameuruhusu? Kuna hatari gani? Ukiisha, nani ataendelea kunipa dawa? Nchini Uganda utafiti wa namna hii unahitaji kibali cha kamati ya maadili na cha Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia. Anayekuharakisha usaini bila kujibu, mwambie arudi kesho.

KUMBUKA

- Koo linalouma pamoja na homa litibiwe mapema.
- Maliza dawa yote.
- Maumivu ya viungo yanayohama kwa mtoto si uchovu wa kucheza, apimwe.
- Fungua madirisha, na tenganisha watoto wanapolala kadiri nafasi inavyoruhusu.
- Sindano ya kila wiki 4 ni ya kila wiki 4, si siku utakapopata nafasi.

Ukiwa na shaka, muulize VHT wa mtaa wako. Tukikosa jibu, tutakusindikiza kwa muuguzi.