Kitu kisicho na roho, picha yenye maana

Sifa zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu, Mola Mlezi wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na Masahaba wake.

Ama baada ya hayo, ndugu wasomaji, leo tunakusudia kuzungumzia jambo ambalo simu za mkononi zimelifikisha mpaka vijiji vya bonde la Lukuledi na juu ya uwanda wa Makonde, nalo ni upigaji wa picha. Hatukusudii picha za harusi wala za watu. Tunakusudia picha za vitu: mtungi, jembe, taa, mizani, hata kinyago. Mzazi humwona kijana wake amepiga picha ya kopo na gunia, akadai kwamba anafikisha ujumbe, naye akajiuliza: hii ni kazi au ni upuuzi?

Tuanze na hukumu. Wanazuoni wamehitilafiana kuhusu picha za kamera za viumbe wenye roho. Sheikh Muhammad Bakhit al-Muti'i, aliyepata kuwa Mufti wa Misri mwanzoni mwa karne ya 20, aliandika risala ya kuziruhusu, kwa hoja kwamba kamera hukizuia tu kivuli cha alichokwisha kukiumba Allah. Wengine, akiwemo Sheikh Abdul-Aziz bin Baz wa Saudi Arabia, walizikataza ila panapokuwa na haja. Ama vitu visivyo na roho, mlango wake uko wazi. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba mtu aliyejipatia riziki kwa kutengeneza picha alimwendea Ibn Abbas (R.A.) kumuuliza. Baada ya kumwonya, Ibn Abbas alimwelekeza kwenye miti na vitu visivyo na roho.

Wala si ajabu kitu kidogo kubeba maana kubwa. Qur'ani Tukufu yenyewe imetufundisha kwa mfano wa taa ndani ya shubaka, nyumba ya buibui, na mti mwema wenye mizizi imara. Kwa hiyo swali lililobaki ni hili: maana iliyomo ndani ya picha ni ya nani, na je, ni ya kweli?

Watu wa kusini wana sababu ya kuliuliza swali hili. Mwaka 1906, nchi ikiwa bado ina majeraha ya Vita vya Maji Maji, Mjerumani Karl Weule wa jumba la makumbusho la Leipzig alifika Masasi na Newala akiwa na kamera. Alipiga picha, akakusanya vyombo na vinyago vikapelekwa Ujerumani, na mwaka 1908 akachapisha kitabu cha safari hiyo. Kazi yake imetuhifadhia mengi. Hata hivyo, mtungi unaoonekana kwa mgeni kuwa kielelezo cha ufinyanzi, kwa mama wa Newala ni safari ya alfajiri. Uwanda ule hunywesha maji ya mvua chini upesi, na chemchemi zipo chini ya miteremko, hivyo kwa vizazi vingi maji yalipandishwa kichwani. Mgeni huiona sura ya mtungi, lakini uzito wake anaujua aliyeubeba.

Tena picha ni ushahidi wa mali. Mwaka 1984 kinyago cha Kimakonde kiliibwa katika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, kikaja kuonekana katika jumba la makumbusho la Barbier-Mueller mjini Geneva. Kilikabidhiwa kwa Tanzania mwaka 2010, baada ya miaka 26. Msimamo wetu kuhusu ngoma za vinyago ni mada ya siku nyingine, lakini wizi ni wizi. Ndiyo maana kanuni za kimataifa za kutambulisha vitu vya thamani, zilizotangazwa mwaka 1997, hutanguliza agizo moja: piga picha. Kisha huandikwa aina ya kitu, vipimo vyake na alama zake.

Sasa tumrejee kijana wetu na kopo lake. Masasi na Newala ni nchi ya korosho. Tangu msimu wa 2007 mkoa wa Mtwara umekuwa na mfumo wa stakabadhi ghalani: mkulima hupeleka korosho chama cha msingi, zikapimwa, akapewa stakabadhi, kisha zikauzwa kwa mnada. Pembeni yake ikabaki biashara ya kangomba, ambapo mnunuzi humfuata mkulima mwenye shida na kununua nje ya mfumo, mara nyingi kwa kipimo cha chombo badala ya mizani. Kijana akipiga picha ya kopo lililojazwa korosho mpaka zikafanya kichuguu, kisha korosho zile zile zikiwa juu ya mizani, hahitaji hotuba. Mtazamaji atakumbuka mwenyewe onyo la Suratul Mutaffifin kwa wanaopunja vipimo.

Lakini akiongeza korosho baina ya picha ya kwanza na ya pili ili hoja yake ipate nguvu, basi naye ameingia katika kundi la wapunjaji. Picha iliyopangwa kwa udanganyifu ni ushahidi wa uongo, hata kama lengo ni jema.

Wasia wetu kwa familia ni mwepesi. Mwacheni kijana apige picha za vitu vya nyumbani: kinu, mtungi wa bibi, jembe lililolika. Aombe ruhusa kwa mwenye kitu. Aandike jina lake kwa lugha ya nyumbani, kazi yake, nani alikitengeneza na mwaka gani picha ilipigwa. Akae na wazee awaulize kabla hawajaondoka na majibu yao, kwani kamera haiwezi kumuuliza aliyekwisha kuzikwa.

Tunamuomba Allah ayafanye macho yetu yaone haki na mikono yetu iishuhudie. Wallahu a'lam.