Ukinunua gari ya okazyo Goma, usikimbilie kuifikisha Kanyaruchinya

Kutoka katikati ya mji wa Goma hadi Kanyaruchinya, katika teritware ya Nyiragongo, ni mwendo wa chini ya kilomita 15 kwenye barabara kubwa ya taifa nambari 2, ile inayoendelea Kibumba, Rumangabo na Rutshuru. Gari nzima inafika huko kabla redio haijamaliza kusoma habari. Lakini kwa mtu aliyetoka kuhesabu dola zake mbele ya muuzaji, safari hiyo fupi ndiyo yenye hatari kuliko zote. Pesa imekwisha kutoka mfukoni, funguo ziko mkononi, na mbele ya sheria gari bado ni ya mtu mwingine.

Wengi wanaamini kwamba kununua kumekwisha watu wakipeana mkono. Sheria haioni hivyo. Sheria ya barabara ya Kongo, nambari 78-022 ya tarehe 30 Agosti 1978, inataka gari inayotembea iwe imeandikishwa na ibebe plake. Sheria nyingine, ya tarehe 5 Januari 1973, ilimlazimisha kila mwenye gari kuwa na asiransi ya kulipia madhara atakayowafanyia wengine, na lazima hiyo bado ipo. Masharti yote mawili ni ya zamani kuliko gari zote zinazouzwa leo Goma, na bado polisi wa barabarani wanayatumia kila asubuhi.

Jambo la kwanza si moteri wala tairi. Ni namba ya shasi. Gari nyingi za okazyo zinazofika huku, RAV4, Ist, Noah na nyingine, zilitengenezwa kwa ajili ya soko la Japan, na namba zake hazina tarakimu na herufi 17 kama gari za Ulaya. Zina herufi na tarakimu chache, kistari, halafu tarakimu nyingine. Kwa Toyota nyingi namba hiyo imechongwa kwenye chuma kinachotenga moteri na sehemu ya kukalia. Mnunuzi afungue boneti, apanguse vumbi, asome mwenyewe, kisha alinganishe na kila karatasi, herufi kwa herufi. Chuma kikiwa kimesuguliwa, au kina rangi mpya mahali hapo peke yake, bei nafuu isimdanganye mtu.

Gari iliyotoka Japan inakuwa na cheti kinachoonyesha kwamba ilifutwa katika daftari la huko na kuruhusiwa kusafirishwa. Hapa kuna mtego mdogo. Wajapani wanahesabu pia miaka kwa enzi za wafalme wao, na karatasi nyingine zinaandikwa hivyo. Mwaka wa 17 wa Heisei si 2017, ni 2005. Gari ya miaka ishirini ikiuzwa kwa bei ya gari ya miaka minane, wakati mwingine kosa limeanzia pale.

Halafu kuna njia iliyopitia. Gari inashushwa Mombasa au Dar es Salaam, inavuka Uganda au Rwanda ikiwa katika transiti, maana yake haikulipiwa ushuru wa nchi hizo kwa sababu imeahidiwa kutoka. Kenya haikubali kuandikisha gari yenye zaidi ya miaka 8, na Uganda ilifunga mlango mwaka 2018 kwa zile zenye miaka 15 au zaidi. Ndiyo maana mtu asinunue gari ya transiti kwa kuambiwa kwamba akishindwa Kongo ataiuza Kampala. Na anayeileta mwenyewe kupitia Kisoro na Bunagana anakutana na jambo la kushangaza kidogo: upande wa Uganda anaendesha kushoto, akivuka anahamia kulia, na usukani uko palepale upande wa kuume. Kupita lori kwenye kona za Kibumba kwa usukani huo kunataka mtu wa pembeni anayeona mbele.

Barabara hiyo ya Bunagana inapita Kanyaruchinya kabla ya kufika Goma. Kwa hiyo gari inaweza kupita mbele ya mlango wa mwenyewe, watoto wakiipungia mkono, na bado haijaruhusiwa kuingia uani. Ikiwa karatasi zake zinasema inaenda kukamilisha duane Goma, kuiegesha nyumbani ni kuitoa kwenye njia yake, na duane inaita hiyo magendo. Faini yake inaweza kumeza faida yote ya kununua mbali.

Kwenye duane yenyewe, wengi wanakosea hesabu kwa kudhani ushuru unatozwa juu ya bei waliyolipa kwa muuzaji wa Japan. DGDA, shirika la serikali lililochukua nafasi ya OFIDA kwa dekreti ya Desemba 2009, inachukua bei hiyo pamoja na nauli ya meli na asiransi ya safari. Juu ya hapo inaweka ushuru wa kuingiza, kisha TVA ya asilimia 16 inatozwa juu ya jumla ya vyote viwili. Kwa mfano tu: gari iliyofika mpakani kwa thamani ya dola 4 000, ikitozwa ushuru wa asilimia 10, inakuwa 4 400, na TVA yake ni dola 704. Tayari ni dola 1 104, kabla ya malipo ya OCC, ya declarant na ya plake. Fakturi iliyopunguzwa bei haisaidii sana, kwani duane ina haki ya kuikataa na kuweka thamani yake.

Goma ina aina nyingine ya gari ambayo miji mingine haiioni sana: Land Cruiser nyeupe za mashirika ya misaada. Shirika likifunga mradi linaziuza, mara nyingi kwa mnada au kwa bahasha zilizofungwa, na bei inavutia. Tangu Marekani ilipokata misaada mwanzoni mwa 2025, mashirika mengi yamepunguza kazi zake. Lakini gari hizo mara nyingi ziliingia bila kulipiwa ushuru, kwa sababu ya kazi ya shirika. Msamaha ule ni wa shirika. Hauhamii kwa mnunuzi. Shirika haliwezi kumpa mtu wa kawaida gari hiyo pasipo ruhusa ya duane, na ushuru uliosamehewa lazima ulipwe kabla plake haijabadilishwa. Swali la kuuliza siku ya mnada ni moja: ushuru huo uko ndani ya bei, au unamsubiri mnunuzi? Jibu litolewe kwa maandishi, lenye muhuri wa shirika. Mtu aliyeshinda mnada kwa bei ndogo bila kuuliza hivyo amenunua nusu ya gari.

Kwa anayenunua kwa jirani, gari ikiwa tayari na plake ya Kongo, kazi ni ndogo lakini ndipo watu wanapoanguka zaidi. Muuzaji anasema carte rose iko nyumbani, au iko kwa kaka yake Bukavu, au ataileta Jumatatu. Jumatatu hiyo haina tarehe. Pesa yote isitoke kabla carte rose ya asili haijaonekana, na jina lililoandikwa humo liwe la huyo anayeuza. Ikiwa ni la mtu wa tatu, basi kuna mauzo yaliyofanyika kati yao ambayo hayakuandikishwa, na mnunuzi mpya anaurithi mzigo huo. Aombe acte de vente ya mauzo yale ya kwanza pia.

Acte de vente nzuri si ndefu. Ina majina ya pande mbili na nambari za kadi zao za mpiga kura, ambazo ndizo kitambulisho cha Wakongomani wengi. Ina aina ya gari, namba ya shasi, plake, bei kwa tarakimu na kwa maneno, tarehe, na hata saa ambayo gari ilitolewa. Saa ina maana yake: ajali au faini iliyotokea asubuhi ni ya muuzaji, ya jioni ni ya mnunuzi. Mashahidi wasaini, kisha karatasi ipelekwe kwa notaire. Baada ya hapo ndipo kunafuata mutation kwenye ofisi ya kodi, yaani kubadilisha jina katika carte rose. Huko vignette za miaka ambayo haikulipwa zinaweza kujitokeza, na ofisi inamdai aliyesimama mbele yake, si aliyehama. Ni bora kubakiza sehemu ya pesa mpaka mutation iishe. Muuzaji mwaminifu anakubali.

Asiransi nayo isingojee kesho. Tangu sheria ya mwaka 2015 ilipomaliza ukiritimba wa SONAS, makampuni mengine pia yaliruhusiwa, lakini lazima ni ileile. Kati ya mji na Kanyaruchinya kuna wanafunzi, pikipiki, chukudu zenye makaa na akina mama waliobeba mizigo hadi ukingoni mwa lami. Anayegonga mtu akiwa hana asiransi analipa hospitali na fidia kwa mali yake mwenyewe, na gari mpya inakuwa ya kwanza kuuzwa.

Juu ya yote hayo kuna swali la wakati huu. Bunagana iko mikononi mwa M23 tangu tarehe 13 Juni 2022, na Goma mikononi mwa AFC/M23 tangu mwisho wa Januari 2025. Mabenki ya mji, ambamo ushuru na kodi vilikuwa vinalipwa, yalifunga milango siku hizo. Kinshasa haiutambui utawala huo. Kwa hiyo mwenye gari aliyelipa Goma hana hakika kwamba risiti yake itaheshimiwa Beni au Kisangani, na anayefika na karatasi za huko hana hakika hapa. Mwenye busara hatupi hata kipande: karatasi za kabla ya 2025 zikae na zile za baadaye, na gari isipelekwe ng'ambo ya mstari wa vita kwa kutegemea muhuri mmoja.

Kuzitunza si jambo dogo kwa watu wa Kanyaruchinya. Walikimbia Novemba 2012, wakakimbia tena volkano ya Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021 na lava kukata barabara hii hii, na tangu 2022 vita imewahamisha pamoja na wale waliokuwa wamekimbilia kwao. Picha za karatasi zote zitumwe kwa simu ya ndugu anayeishi mbali. Zikipotea, mwenye gari anaomba kwanza hati ya kupotelewa kwa viongozi wa serikali, kisha nakala mpya. Na ofisini wataanza kwa kumuuliza namba ya shasi.