Dadangu, masta na Jumamosi: Soma kanuni kabla ya kulipa karo

Dadangu ni muuguzi na ni Msabato kindakindaki. Mimi ni yule kitinda mimba aliyeacha chuo mwaka wa pili. Kwa hivyo aliponipigia simu akisema, "Njoo unisaidie kuchagua chuo cha masta," nilidhani ananichezea akili.

"Kwani hukupata mtu amesoma?" nikamuuliza.

"Nimewapata wengi. Nataka mtu aliyewahi kuumwa na kanuni za chuo," akajibu.

Hapo nikanyamaza, nikapanda matatu.

Shida yake ilikuwa moja tu: Jumamosi. Muulize msee yeyote aliyeajiriwa hapa Nairobi anasoma masta lini, atakwambia jioni na wikendi. Hiyo ndiyo ratiba ya mji. Lakini kwa Wasabato, siku takatifu huanza Ijumaa jua likizama na kuisha Jumamosi jua likizama. Huku kwetu karibu na ikweta, jua huzama mwendo wa saa kumi na mbili unusu jioni. Maana yake darasa la Ijumaa jioni limeenda, na la Jumamosi limeenda pia.

Tayari alikuwa amepata nafasi katika chuo kimoja cha hapa mjini. Ratiba ilipotoka, kozi mbili kati ya nne zilikuwa Jumamosi, na mtihani mmoja pia. Alipoenda ofisini kuuliza, aliambiwa, "Madam, si ni saa tatu tu?"

Kwa mtu asiyeamini, ni saa tatu tu. Kwa dadangu, ni kama kumwambia avue kitu alichovalishwa na mama tukiwa wadogo. Mimi siendi kanisani siku hizi, lakini hilo nalielewa.

Nilimkumbusha kesi ya 2017. Mwaka huo Mahakama ya Rufaa iliamua kwamba wanafunzi Wasabato wana haki ya kupewa nafasi ya kuadhimisha siku yao, baada ya Mahakama Kuu kulikataa ombi la kanisa lao hapo awali. Dada akacheka. "Kesi hiyo ilihusu shule. Na mimi sitaki kuanzia masta mahakamani."

Ndipo tukaanza kuangalia vyuo vya kanisa lake.

Cha kwanza ni Baraton, kule Nandi, ambacho jina lake kamili ni University of Eastern Africa, Baraton. Kilifungua milango 1980 na mwaka wa 1991 kikawa chuo kikuu cha kwanza cha kibinafsi nchini kupewa hati ya serikali. Watu wengi mtaani hudhani vyuo vya kibinafsi vilikuja juzi na mabango ya barabarani. La hasha.

Cha pili kiko karibu na kwangu, na nimekipita miaka minne bila kukijua. Naishi Rongai. Ndiyo, ile Rongai ya utani wa pasipoti. Ukishuka matatu ya 125 na kuuliza Adventist University of Africa, wengi watakuelekeza kanisani. Si ajabu, kwa sababu chuo hiki hakina wanafunzi wa digrii ya kwanza kabisa. Hakuna mafreshi wala fujo za kuchagua viongozi wa wanafunzi. Ni uzamili na uzamifu pekee: theolojia, uongozi, usimamizi wa biashara, afya ya umma, kompyuta. Kanisa lilikianzisha kuhudumia Afrika nzima, ndiyo maana utakuta mtu ametoka Ghana na mwenzake ametoka Zambia.

Masomo yake mengi huenda kwa mkupuo. Mnakutana wiki chache, mnasoma mfululizo, kisha mnarudi kazini na kazi za kuandika. Kwa muuguzi mwenye zamu, hilo ni jambo kubwa. Anaweza kuomba likizo mara moja badala ya kubembeleza bosi kila wiki. Na Jumamosi hakuna anayemuuliza yuko wapi.

Dada alikuwa tayari kulipa siku hiyohiyo. Nikamwambia tulia, kwanza tusome kanuni. Kila chuo kina kijitabu chake, na ndicho kitu ambacho mwanafunzi husoma akishapata shida.

Tulianza na kuingia. Viwango vya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu (CUE) vinataka anayeingia masta awe na digrii ya daraja la pili la juu. Ukiwa na la pili la chini, uwe umefanya kazi inayohusiana kwa miaka miwili. Dada ana la chini, na alikuwa ameona haya kulitaja hata kwangu. Lakini ana miaka sita wodini. Kumbe haya zote hizo zilikuwa za bure.

Tukaja kwa alama, na hapa ndipo wengi huanguka. Katika vyuo vingi vyetu vya umma, masta hupitwa kwa alama 50. Vyuo vya Waadventista hufuata mfumo wa Kimarekani wa GPA, na katika mfumo huo kiwango cha kawaida cha masta ni wastani wa 3.0 kati ya 4.0, yaani B. Piga hesabu: A ni 4, B ni 3, C ni 2. Ukipata C moja, unahitaji A moja kuifidia. C mbili katika muhula mmoja, na unaweza kuandikiwa barua ya onyo. Yaani unaweza "kupita" kila somo na bado ufukuzwe. Dada alisoma hapo mara mbili.

Kisha muda. Masta huchukua angalau miaka miwili na uzamifu angalau mitatu. Pia kuna kikomo cha juu, na kila chuo huweka chake. Kinachowachelewesha watu si darasa bali tasnifu. Viwango vya CUE vya 2014 viliongeza jingine: mwanafunzi wa masta achapishe makala moja katika jarida linalokaguliwa na wataalamu, na wa uzamifu makala mbili. Uliza mapema nani atakusimamia, ana wanafunzi wangapi, na kama unalipa karo kila muhula unapoandika. Wengi hulipa, na hawakuwa wamepanga bajeti hiyo.

Kuna pia kanuni za maisha. Chuo cha Waadventista hakina pombe wala sigara kampasini, na ibada ni sehemu ya ratiba. Asiye Msabato anakaribishwa kusoma, lakini anakubali kanuni hizo akitia sahihi. Kama wewe ni wa nyama choma na baridi kila Ijumaa, usijidanganye kwamba utazoea. Kwa upande mwingine, vyuo hivi hukaguliwa mara mbili: na CUE ya serikali, na pia na bodi ya kanisa yenye makao Marekani.

Mwisho tukafika ukurasa wa kuahirisha masomo. Hapo dada alininyamazia, akanisukumia simu nisome mwenyewe.

Mimi sikufeli chuo. Mwaka wa pili, chapaa ziliisha nyumbani, nami nikaacha tu kwenda. Nilidhani nikipata pesa nitarudi nilipoachia. Baada ya miaka miwili nilirudi na karo mfukoni, nikaambiwa usajili wangu ulishafutwa na nianze mwaka wa kwanza. Ningekuwa nimejaza fomu ya kuahirisha, karatasi moja tu, nafasi yangu ingenisubiri. Hakuna aliyeniambia, lakini ukweli ni kwamba ilikuwa imeandikwa kwenye kijitabu nilichopewa siku ya kwanza, ambacho nilikitumia kuegemeza meza iliyokuwa ikiyumba.

Hiyo ndiyo maana ya "kuumwa na kanuni."

Kwa hivyo kama unawaza masta mwaka huu, iwe Rongai, Baraton au katikati ya jiji, omba kijitabu kabla ya kuomba namba ya kulipia. Tafuta kurasa tano: kuingia, alama, muda, ratiba na kuahirisha. Ratiba ikigongana na imani yako, watoto wako au zamu yako, uliza kwa maandishi na usubiri jibu la maandishi. "Tutaona" ya ofisini si jibu.

Dada ametuma maombi ya afya ya umma. Akipata, atapanga likizo yake na darasa. Asipopata, anasema atajaribu tena.

Nilipokuwa nikiondoka alinipa bahasha. Nikadhani ni nauli. Ndani kulikuwa na fomu ya kujiunga upya na chuo changu cha zamani, ameichapisha kazini.

Bado iko mezani. Safari hii sijaiegemezea kitu.